Muulize Dada wa Kompyuta: Eti programu yangu ya dagaa ni silaha?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Gungu hapa hapa Kigoma, nimemaliza chuo mwaka juzi, kazi ya kuajiriwa bado ila kuandika programu naweza. Mama yangu mdogo ananunua dagaa pale Kibirizi, yeye na wenzake kama kumi na nane, wanaandika kwenye daftari nani kachukua magunia mangapi kwa nani na nani hajalipa, sasa daftari likilowa au likipotea ni ugomvi mpaka jioni. Nikawatengenezea programu ya kwenye simu, inafanya kazi hata bila bando, na taarifa zote za ndani nimezifungia kwa enkripsheni, bila paswedi husomi kitu. Nikaiweka GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi na kugawana msimbo wa programu, opensosi, msimbo wote wazi, anayetaka achukue. Rafiki yangu anayefanya biashara Bujumbura akaiona akaipenda nikampa kwenye flashi, akapanda nayo boti ya Kagunga akavuka.

Juzi sasa kuna kaka mmoja anayejua mambo ya kompyuta kaniambia nimejitafutia kesi, kwamba kwa Wamarekani enkripsheni ipo kwenye sheria ya silaha, kuitoa nje bila kibali ni kosa, na kwa kuwa GitHub ni ya Marekani alafu mimi tena nimeivusha mpaka Burundi basi nimekosa mara mbili. Kanishauri niitoe enkripsheni ibaki programu ya kawaida tu. Nimeshaifuta kule GitHub. Silali vizuri dada. Nifanyeje?

Kijana wa Gungu

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kwanza lala. Ukiamka rudisha programu yako kule ulikoifuta, na ile enkripsheni usiiguse.

Huyo kaka hajakudanganya, kakupa habari ya kweli ila ya miaka thelathini iliyopita. Ni kweli kabisa Marekani enkripsheni ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ileile ya vifaru na mabomu. Mwaka 1991 bwana mmoja anaitwa Phil Zimmermann aliandika programu ya kufungia barua pepe inaitwa PGP, akaigawa bure, ikasambaa kwenye intaneti ikatoka nje ya nchi yao, na kuanzia 1993 serikali ikawa inamchunguza kama mtu aliyesafirisha silaha bila kibali. Miaka karibu mitatu mtu analala na mawazo hayo hayo unayolala nayo wewe. Januari 1996 wakafunga jalada, hawakumshtaki kwa lolote.

Angalia sasa sheria yenyewe ilivyokuwa inajikanyaga. Kipindi hichohicho, 1994, mhandisi anaitwa Phil Karn aliiuliza serikali kuhusu kitabu cha mtaalamu wa enkripsheni Bruce Schneier ambacho ndani kimechapishwa misimbo ya enkripsheni, je kinahitaji kibali kupelekwa nje ya nchi, akajibiwa kitabu ruksa. Akarudi na flopi yenye misimbo ileile ya kwenye kitabu, herufi kwa herufi, akajibiwa hiyo flopi ni silaha. Na watu wa PGP nao wakauona huo mlango, mwaka 1995 msimbo wote wa PGP ukachapishwa kitabu kizima na chuo kikuu cha MIT, kitabu kikiuzwa hakuna wa kukizuia, na kikishavuka mtu anakipiga skana ukurasa kwa ukurasa mpaka inarudi kuwa programu. Nakusimulia haya yote kwa sababu hapa ndo utaona kesi nzima inageukia wapi, swali lilikuwa msimbo ni kitu au ni maneno? Kitu unaweza kukikamata mpakani. Maneno unayakamataje?

Na aliyelipeleka hilo swali mahakamani alianza nalo akiwa mwanafunzi kama ulivyokuwa wewe juzi tu, Daniel Bernstein, alikuwa anasoma Berkeley kule California. Ana msimbo wake mdogo, anataka auchapishe wenzake wausome, anaambiwa kwanza akaombe leseni ya mtu anayeuza silaha. 1995 akafungua kesi, 1996 jaji Marilyn Hall Patel akasema msimbo wa kompyuta ni lugha na katiba yao inaulinda kama maandishi mengine, 1999 mahakama ya rufaa nayo ikamuunga mkono. Huku nyuma serikali ilishaanza kulegeza, mwishoni mwa 1996 enkripsheni za kiraia zilitolewa kwenye orodha ya silaha zikapelekwa wizara ya biashara, na Januari 2000 ikatoka kanuni kwamba msimbo ulio wazi unaweza kuuweka kwenye intaneti ila utume imeili kuwajulisha umeuweka wapi. Imeili tu, husubiri jibu.

Alafu Machi 2021 hata hiyo imeili wakaiondoa, kwa msimbo wa wazi unaotumia enkripsheni za kawaida, hizi AES na wenzake ambazo zilishachapishwa na zinakubalika kwenye vyombo vya viwango. Imebaki kwa yule aliyejitungia enkripsheni yake mwenyewe isiyojulikana popote, huyo bado anatakiwa kuwaandikia wizara ya biashara ya Marekani na shirika lao la ujasusi NSA awaambie msimbo uko wapi. Na kama wewe ni huyo, yaani umejitungia, basi mimi tatizo langu na wewe wala sio Marekani, ni akina mama wa Kibirizi, maana enkripsheni ya kujitungia huvunjika, hata mabingwa wa hesabu hawaamini ya kwao mpaka wenzao wameigonga miaka na miaka ikagoma kupasuka. Ila kwa maelezo yako nadhani umetumia laibrari ya kawaida, yaani msimbo uliokwisha tengenezwa na wengine, kama wengine wote, basi upo sawa.

Kwaiyo ulivyoifuta GitHub ukidhani umejificha, hujajiongezea usalama hata chembe. Kwa sheria ile, penye usalama ni hapo hapo peupe. Neno lenyewe wanalotumia ni kuchapisha, na maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuupata msimbo wako bila kukuomba, bila orodha ya majina, bila ile "njoo inbox nikutumie", na akishaupata hukumzuia kuupeleka kwa mwingine. Ukishachapisha hivyo sheria yao ya usafirishaji inauachia. Ndo maana nakwambia angalia pia kama uliweka faili la leseni, vijana wengi mnaisahau hii, mnapandisha msimbo mnasema opensosi na hakuna leseni hata moja humo, na bila leseni kisheria mtu haruhusiwi hata kuunakili, sasa uwazi gani huo? Chagua moja ya zile zinazojulikana, MIT au GPL au Apache, weka faili, imeisha.

Na ile flashi ya kuvuka na boti ya Kagunga? Umeandika Gungu, kwenye laptopu yako, ukampa mtu mkononi, akavuka nayo ziwa. Hiyo safari Marekani haimo. Kuna mkataba wa nchi nyingi wa kudhibiti usafirishaji wa silaha na teknolojia kama hizi, unaitwa Wassenaar, ulianzishwa 1996, una nchi 42 na Afrika yupo Afrika Kusini peke yake, Tanzania hatumo na Burundi hawamo, na hata humo ndani wameandika kwamba programu iliyo wazi kwa umma haihesabiki.

Kitu kingine ambacho watu wanachanganya ni vikwazo. 2019 GitHub iliwafungia baadhi ya huduma watumiaji wa Iran, Syria na Crimea, watu wakaamka asubuhi wanakuta kazi zao za binafsi hazifunguki, walilia sana (Iran walirudishiwa Januari 2021 baada ya GitHub kupata leseni maalum). Ile ilikuwa sheria ya vikwazo vya nchi, sio ya enkripsheni, na sisi hatumo kwenye hiyo orodha, lakini nimeikumbuka kwa sababu moja: kilichofungwa kilikuwa stoo za binafsi na akaunti za kulipia. Vilivyokuwa wazi viliendelea kupatikana.

Siku ukiamua kuifunga, msimbo usionekane, uanze kuiuza kwenye maduka ya apu, hapo ndo urudi kuniuliza, maana Apple watakuuliza kabisa unapopandisha kama apu ina enkripsheni na ya aina gani, Google nao wana tamko lao la sheria za Marekani unalikubali, na kuna aina za programu zinazodai ripoti ya kila mwaka. Sio jela, ni makaratasi, ila ni makaratasi ya kweli.

Sasa na mimi nikuulize, na hili ndo lililonifanya nikuandikie kirefu. Ile flashi uliyompa rafiki yako ilikuwa na programu tupu au ilikuwa na mafaili ya akina mama pia?

Nauliza kwa sababu najua tunavyofanya. Mtu anasema nipe hiyo programu nione inavyofanya kazi, wewe unakopi folda zima na humo kuna ile bakapu uliyokuwa unajaribia, ina jina la mama fulani, namba yake ya simu, magunia sita, anadaiwa laki tatu na nusu, mvuvi wake fulani. Kama ndo hivo, basi sheria ya kuogopa sio ya Marekani, ni yetu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake, inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azilinde, na ina sehemu nzima inayozungumzia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Msimbo wako umeandika wewe, ugawe utakavyo. Namba ya simu ya mama yako mdogo hukuiandika wewe, ni yake. Mpigie rafiki yako leo hii, kama kuna faili la namna hiyo alifute, na ya kujaribia siku nyingine tengeneza majina ya uongo, gunia la uongo, deni la uongo.

Na ndo maana hilo la kutoa enkripsheni limenichoma. Miaka iliyopita niliwahi kuletewa kazi na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, sikitaji, kilikuwa na laptopu moja ya kumbukumbu zote, na kuna mtu aliwaambia haya haya uliyoambiwa wewe, kwamba mambo ya kufunga mafaili kwa enkripsheni yana kesi, msiguse. Wakaacha wazi. Laptopu ikaibiwa kwenye basi. Baada ya wiki mbili wanachama wakaanza kupokea simu, mtu anakutaja jina kamili, anajua umekopa kiasi gani, anajua umebakiza kiasi gani, anakwambia lile rejesho lako la mwezi huu tuma kwenye namba hii. Wewe na mimi meseji ya tuma kwenye namba hii tunaifuta, ila mtu akikusomea deni lako mpaka mia ya mwisho utaacha kumuamini? Walituma. Kuna mama alituma pesa ya ada ya mwanae. Nilikaa naye dukani kwangu pale Mwanga anajaribu kuelewa imekuaje, mimi naangalia karatasi ya kikundi najua kabisa imekuaje, ni kufuli moja tu iliyotolewa kwa sababu ya maneno ya kusikia.

Pale Kibirizi mbalamwezi ikiisha, mitumbwi ikianza kuingia alfajiri, simu ya mama yako mdogo iko kwenye beseni chini ya kanga, mkono umejaa magamba, watu mia wanapita. Ikichukuliwa ikachukuliwa, ni simu. Hayo madeni ya watu kumi na nane yasisomeke. Acha kufuli lako hapo lilipo mdogo wangu, na ukirudisha kule GitHub andika kwa Kiswahili kwenye maelezo ya mwanzo, mstari mmoja tu, programu hii inatumia enkripsheni fulani kutoka laibrari fulani, ili na wenzako wa Kalemie au Mpulungu wakiichukua wajue wanachukua nini.

SWALI

Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu Kasulu, nina klabu ya kompyuta baada ya vipindi, wanafunzi kumi na wawili wanapenda sana mambo ya usalama wa mitandao. Nataka niwafundishe Nmap na Wireshark, ni programu huria nimezishusha bure, ila mwenzangu ananiambia hizo ni programu za wadukuzi, nikiwagawia watoto kwenye flashi nimegawa zana za uhalifu. Ananitisha au ni kweli?

Mwalimu, Kasulu

JIBU

Nzuri mwalimu wangu, na pole na vipindi. Mwenzako anagusa kitu ambacho hata wakubwa kiliwashinda mwanzoni. Ule mkataba wa Wassenaar niliomtajia kijana wa Gungu, 2013 waliongeza kipengele cha kudhibiti mitambo ya programu za kujipenyeza kwenye kompyuta za watu, walikuwa wanalenga zile za ujasusi zinazouzwa kwa serikali zikapeleleze raia, nia nzuri tu. Wakaandika maneno mapana mno. Mei 2015 Marekani ilipotoa rasimu yake ya kuyatekeleza, wataalamu wa usalama wakapiga kelele, kwamba kwa maneno haya hata mtu aliyegundua tundu kwenye programu akataka kumwandikia mwenye programu aliyeko nchi nyingine atahitaji kibali cha usafirishaji, tundu linakaa wazi huku barua inasubiri muhuri. Rasimu ikarudishwa, na Desemba 2017 mkataba wenyewe ukarekebishwa ili kuripoti matundu na kusaidiana kwenye mashambulizi visiguswe. Mimi naona walifanya vizuri kusikiliza. Nmap na Wireshark hata hazikuwa kwenye hilo kundi, na zote msimbo wake uko wazi.

Kwa hapa nyumbani sheria yako ni ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Inakataza mtu kuwa na kifaa au programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa, na inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa. Nmap kazi yake ni kuangalia mtandao una milango gani iko wazi, mafundi wa mitandao wanaitumia kila siku ya Mungu, lakini mtoto akitoka klabuni akaielekeza kwenye mtandao wa benki au wa ofisi ya jirani ajaribu tu, hapo hauna wa kumtetea. Kwaiyo kinachotakiwa kulindwa ni wanaielekezea wapi.

Tafuta ruta moja ya zamani na laptopu mbili tatu mbovu mbovu, ruta isiunganishwe na intaneti kabisa, huo ndo uwanja wenu. Andika karatasi, mkuu wa shule asaini kwamba klabu inajifunza kwenye mtandao huo tu, wanafunzi nao wasaini. Alafu siku ya kwanza usianze na Nmap, anza na Wireshark, ile inayoonyesha data zinazopita kwenye mtandao, mwambie mmoja aingize paswedi kwenye ukurasa usio na kufuli na wengine waione kwenye skrini kila herufi yake, kisha arudie kwenye ukurasa wenye kufuli waone zinapita takataka zisizosomeka. Wataelewa enkripsheni ni nini kuliko ukiwaandikia ubaoni wiki nzima.

SWALI

Binti yangu, mimi ni mhasibu wa ushirika wa wafugaji nyuki huku Tabora, nakaribia kustaafu. Miaka ya tisini tuliambiwa kwamba programu za intaneti zinazoletwa huku Afrika zina ulinzi hafifu kuliko za Wamarekani wenyewe. Nilidhani ni maneno ya mtaani. Sasa fundi wetu amekagua seva yetu ya zamani anasema bado inakubali "kufuli za ekspoti" na anataka tununue seva mpya kwa pesa nyingi. Hizo kufuli ni nini, na je tununue?

Mhasibu, Tabora

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Hayakuwa maneno ya mtaani, ilikuwa kweli, na sio Afrika tu, ni dunia nzima nje ya Marekani na Canada. Brauza ya Netscape ilikuwa na matoleo mawili, la kwao kufuli ya biti 128 (biti ndo kipimo cha urefu wa ufunguo), la kwetu wengine biti 40, hizo dhaifu ndo kufuli za ekspoti, kwa sababu sheria hiyohiyo ya silaha haikuruhusu iliyo imara itoke. Biti 40 ni funguo trilioni moja na kidogo, kwa mhasibu inasikika nyingi, lakini Agosti 1995 Mfaransa Damien Doligez alizijaribu kwa kompyuta zipatazo 120 za kazini kwao akaipata siku ya nane. Na kila biti moja ukiongeza kazi ya mvunjaji inazidishwa mara mbili, kwaiyo kati ya 40 na 128 hakuna kulinganisha.

Sasa sheria ikaisha ila kufuli zikabaki. Seva nyingi ziliendelea kuzikubali ili wateja wa zamani wasikwame, hakuna aliyezikumbuka, mpaka Machi 2015 watafiti wakaonyesha shambulio wakaliita FREAK na Mei mwaka huohuo lingine likaitwa Logjam. Mtu anakaa katikati ya brauza na seva, anaifanya seva iamini kwamba mteja anataka ile kufuli dhaifu ya zamani, seva inakubali kwa sababu inaijua, kisha anaivunja. Na tovuti za serikali ya Marekani yenyewe zilikutwa nazo humo. Udhaifu waliotuwekea sisi ukawarudia wao, miaka kumi na tano baada ya sheria kulegezwa.

Fundi wako kwa hiyo kaona kitu cha kweli, mshukuru. Kununua ni mazungumzo mengine. Kufuli hizi hazipo kwenye chuma, zipo kwenye programu, mara nyingi OpenSSL, na OpenSSL walizitoa kabisa kwenye toleo 1.1.0 la mwaka 2016. Muulize kwanza: mfumo wa seva hii unaweza kuwekewa apudeti ya toleo ambalo bado linahudumiwa? Kama unaweza, na ni programu huria, mnalipa ufundi wake tu na bando. Kama chuma kimezeeka mpaka mifumo mipya inakikataa, hapo nunueni, na hata hivyo leo hii leo, kabla ya pesa haijaidhinishwa na mkutano, anaweza kuzizima kwenye mipangilio, ni kuhariri mstari mmoja na kuwasha upya. Kumbukumbu za wanachama wako, asali waliyoleta, malipo yao, zisisubiri mkutano.

Akimaliza kaa naye, mwambie aifungue ile orodha ya kufuli ambazo seva inazikubali uione kwa macho yako mwenyewe, majina yamepangwa kama leja, wewe huhitaji kuyaelewa yote. Pitisha kidole kuanzia juu mpaka chini, usikute hata mstari mmoja unaoanza na EXP.